Magwanda Yaliyochuja

Kibuli, Kampala
Ijumaa, baada ya swala

Dada yangu Khadija,

Shikamoo. Nakuamkia wewe, na kupitia kwako namwamkia Mama, ambaye najua utamsomea sehemu utakazoona zinamfaa na nyingine utaziruka. Hali zenu vipi huko Mombasa? Miguu ya Mama bado yamsumbua? Shemeji Bakari amerejea kazini bandarini, au mgongo wamkataza? Nauliza kwa sababu ndiyo adabu, wala sitarajii jibu. Barua yako ya mwisho ilinifikia bahasha imeshafunguliwa na kufungwa tena kwa gundi mbaya. Mimi ni mtu wa gundi, dada, na gundi mbaya naijua.

Mwili wangu mzima. Ya roho utayasoma humu ndani.

Barua hii haikupita posta. Aliyekukabidhi ni Atim, mke wa Okello, mwenzangu wa maabara ambaye nilikuwa nikikuandikia habari zake. Mtoto aliye naye ni binti yao, Lamaro. Wape maji ya kuoga, wape chakula, watandikie chumba cha uani, kisha ndipo ukae usome. Usimuulize Atim chochote. Nitakueleza mimi, ili yeye asilazimike kuyasema haya kwa kinywa chake.

Nilipotoka Uingereza na udaktari wangu wa rangi na polima, ulinicheka mbele ya watu. Ulisema, “Miaka yote hiyo kusomea kutia nguo rangi? Bibi yetu alipaka watu hina na hakupanda meli.” Nikacheka nawe. Lakini nilikuwa na jambo moyoni ambalo sikukueleza vizuri siku zile. Wakumbuka Mama alivyoloweka kila leso mpya katika maji ya chumvi ili isichuje, na bado ikachuja, mashati yetu ya shule yakatoka na madoa mekundu? Rangi iliyokaa juu ya pamba tu ni kama mgeni aliyeishia barazani, akiitwa, anaondoka. Lazima kiwepo kitu cha kumshika mkono na kumwingiza ndani. Kitu hicho, gundi ya rangi, wenzetu wa Ulaya wanacho. Wanakitengeneza kwa mitambo mikubwa, nasi wanatuuzia. Mimi nilitaka kitoke kwenye muhogo wetu. Wanga wa muhogo ni polima aliyoiumba Mungu, chembe ndogo zilizoungana kama shanga katika uzi mrefu. Ukijua namna ya kuzifungamanisha na pamba, rangi inabaki katikati, haina pa kutokea. Pamba ni ya huku, muhogo ni wa huku. Nilidhani haitachukua miaka mingi kabla ya mwanamke wa Soroti au wa Kwale kujifunga nguo isiyochuja, na asiwe amemshukuru mtu yeyote wa ng'ambo.

Kazi hiyo niliianza kiwandani chini ya Bwana Jayant, Mhindi mkuu wa maabara. Alizaliwa Old Kampala, akasoma Old Kampala, na baba yake alikuwa na duka la vitambaa hapohapo. Ukaja ule mwaka Wahindi walipofukuzwa. Siku yake ya mwisho alinikabidhi funguo, akaniambia tu, “Mizani usiiweke karibu na dirisha, Athmani,” akatoka. Duka la baba yake alipewa askari mmoja. Aliuza majora yote, akauza rafu, kisha akang'oa milango akaiuza nayo.

Tukabaki mimi na Okello. Usidhani alikuwa mtumishi wangu. Alisoma kemia hapa chuo kikuu na kufaulu vizuri kuliko mimi nilivyofaulu nilipokuwa na umri wake. Yeye ndiye aliyeona kwamba wanga ukipikwa na asidi kidogo unakuwa mwepesi, unapenya ndani ya uzi badala ya kuukalia juu. Alikuwa mtu mrefu, mtulivu, Mwacholi wa Gulu, akiimba nyimbo za kanisa akikoroga. Mkewe, Atim, ni binti wa koplo wa polisi. Alizaliwa na kukulia kwenye nyumba za polisi kule kilimani Naguru. Jumapili nilikuwa nikila kwao. Walinipikia mboga zao za simsim, nami nikawapikia wali wa nazi siku nazi zilipopatikana, na Lamaro alipoanza kusema aliniita “Baba Mombasa”.

Miaka ikapita hivyo, kiwanda kikifa taratibu mbele ya macho yetu. Kwanza zilikosekana dawa za kuagiza, kisha vipuri, kisha mafuta ya tanuri letu la kukaushia. Serikali ya wanajeshi ikatuletea mkurugenzi mpya, Meja mmoja ambaye simtaji jina. Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Angalipiga kelele nisingalimwogopa hivyo.

Mwanzoni mwa mvua hizi alikuja maabara, akashika kipande cha pazia tulichokuwa tumekitia rangi.

“Daktari,” akasema kwa Kiswahili chao cha kambini, “jeshi nataka magwanda mapya ya sherehe. Rangi ya Ulaya hakuna. Mimi nasikia wewe iko na dawa yako ya muhogo.”

“Afande, hiyo bado ni majaribio. Kwenye pazia inashika kwa sababu pazia halifuliwi kila siku. Kwa magwanda haifai. Jasho litaiondoa. Mvua itaiondoa.”

“Mimi hapana uliza mvua.”

“Afande, mimi ndiye niliyeitengeneza. Nakwambia haijawa tayari.”

Akakirudisha kile kipande mezani polepole. “Basi nyinyi nafanya iwe tayari,” akasema, akaondoka, akatuachia askari mlangoni.

Nilitaka kukataa. Okello alifunga dirisha, akanijia karibu. “Tukikataa, watasema tumekataa,” akaniambia. “Tukifanya, watasema tumeharibu. Chagua, Daktari, lakini jua jambo moja. Yule askari wa mlangoni ananiangalia mimi, Mwacholi. Wewe hakuangalii.”

Tukafanya. Tulijitahidi, dada, Mungu shahidi. Tulipika gundi nzito kuliko siku zote, tukapiga kitambaa pasi za mkaa kwa kuwa tanuri halikuwa na mafuta, na kila nguo tuliyoijaribu kwa maji ilitoa kijani. Nilimpelekea Meja beseni lenye yale maji ili ayaone kwa macho yake. Aliyatazama, akasema magwanda yanachukuliwa kesho.

Siku ya sherehe mvua ilinyesha. Sikuwapo, nimesimuliwa. Askari walisimama mistari uwanjani na kijani kikawateremka shingoni, mikononi, mpaka kwenye soksi. Walikuwapo wageni wa nchi za nje. Wanasema hakuna aliyecheka. Wanasema ilisikika mvua tu.

Asubuhi yake walikuja. Mlinzi wetu, mzee Kasule, ambaye kama Waganda wengi wa rika lake herufi za “r” na “l” humchanganya, alikuja mbio kunionya. “Daktali, wamekuja na gali lisilo na namba. Wanasema Okello.” Hata hakumaliza, wakawa wameshaingia, watu watatu waliovaa nguo za kiraia.

“Nani Okello?”

Okello alikuwa na mikono ndani ya beseni, buluu mpaka viwikoni. “Ni mimi,” akasema. “Ngojeni ninawe mikono.”

“Utanawa huko.”

Nikasimama mbele yao. Nikasema mkuu wa maabara ni mimi, gundi ni yangu, kama kuna kosa ni langu. Mmoja wao akaniuliza jina. Nikamwambia Athmani. Akaniuliza kabila. Nikamwambia mimi ni mtu wa Mombasa, Mkenya.

“Kaa chini, Mombasa,” akasema.

Sikukaa. Alinisukuma kifuani kwa mkono mmoja, si kwa nguvu hata, kama mtu anayesogeza kiti, wakatoka naye. Maji ya rangi yalidondoka kutoka mikononi mwake sakafu nzima mpaka mlangoni. Mzee Kasule alitaka kuyafuta, nikamkataza. Baadaye niliyafuta mwenyewe.

Nilikwenda kumwambia Atim. Hakulia. Alifunga mtoto mgongoni, akasema, “Watakuwa wamempeleka Naguru. Naguru ni kwetu. Twende.”

Tulipanda kile kilima kwa miguu. Alinionyesha nyumba aliyozaliwa, dada, huku tukipita, na mfereji ambao walikuwa wakichezea. Alikuwa akizungumza haraka haraka kama mtu anayempeleka mgeni kwao. Mlangoni mwa kituo alikuwapo askari mzee, aliyefanya kazi na baba yake. Alipomwona, uso ulimshuka.

“Atim, binti ya Koplo,” akasema, “rudi nyumbani.”

“Nimekuja nyumbani, Baba. Mume wangu yuko ndani?”

“Rudi nyumbani, mwanangu. Na usikuje tena na mtoto.”

Hakumjibu swali. Mimi niliruhusiwa kuingia, labda kwa kofia yangu na jina langu la Kiislamu. Ofisa niliyemkuta alikuwa kijana mwenye adabu, akaniagizia chai. Nikamweleza kila kitu tangu mwanzo kama ninayefundisha darasani: wanga, pamba, kwa nini gundi isipofungamana vizuri maji huivunja, kwamba nilimwonya Meja, kwamba Okello alitenda nilivyomwagiza. Nilisema kama hapana budi mtu aadhibiwe, basi ni mimi niliyeitunga dawa ile. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akacheka, akatikisa kichwa, kama mtu anayemwonea huruma msomi.

“Daktari, wewe nafikiri sisi nauliza nani alipika rangi. Sisi hapana uliza hiyo.”

“Mnauliza nini?”

“Sisi nauliza nani Acholi.” Akanisogezea kikombe. “Kunywa chai.”

Niliiacha chai, nikatoka. Nimesoma nusu ya maisha yangu nikiamini kwamba ukimweleza mtu kitu kwa uwazi, hatua kwa hatua, ataona. Yule kijana aliona, dada. Hakukosa kuelewa hata neno moja.

Siku zikapita. Watu wakamshauri Atim aende chumba cha maiti hospitalini, maana huko ndiko wengi wanakopatikana wakipatikana. Nilikwenda naye. Alibaki nje na mtoto, nikaingia mimi. Mzee wa zamu alikuwa Mganda mpole, aliyechoka. Aliniuliza, “Wa kwenu ni mlefu, ssebo, bwana? Walefu tumewaweka huku.”

Sitakuandikia nilichokiona. Okello hakuwamo. Niliwatazama wote, mmoja mmoja, na kila mmoja alikuwa Okello wa mtu mwingine.

Nilipotoka kwenye chumba kile macho yalikuwa yakiniwasha. Ni formalini, dawa inayozuia maiti kuoza. Naijua tangu nikiwa mwanafunzi. Inazifunga chembe za nyama zisiachane. Nikasimama pale ukutani, na akili yangu, ambayo sikuiita, ikafanya kazi yake. Chembe za wanga nazo zina mahali pa kufungwa. Tuliwahi kulizungumza jambo hilo mimi na Okello zamani, tukaliacha kwa sababu dawa hiyo haikuletwa tena kiwandani. Hospitali inayo. Madawa ya wagonjwa hayapo, kwinini hakuna, bandeji hakuna, lakini serikali hii haikosi dawa ya maiti.

Nilimwomba yule mzee chupa moja. Alinipa bila kuuliza. Sijui kwa nini niliiomba. Huenda nilitaka tu kujua kama kazi tuliyoanza wawili ilikuwa na mwisho. Niliificha ndani ya koti, nikaenda kumwambia Atim kwamba hayumo, naye akaanza kulia wakati huo, kwa sababu alikuwa amejiandaa kwa jibu jingine.

Nilipika gundi mpya: wanga, asidi ya Okello, formalini kidogo. Nikatia rangi ya buluu kwenye kipande cha pamba, nikakipiga pasi mpaka kikakauka kabisa. Nikakifua kwa sabuni. Nikakichemsha na magadi. Nikakianika juani, nikakivaa ndani ya shati nikakitolea jasho, nikakifua tena na tena. Maji yalibaki meupe, Khadija. Meupe kama maji ya kunywa. Rangi imeshika. Jambo nililolitafuta tangu nikiwa kijana, ambalo maprofesa wangu waliniambia muhogo hautaliweza, limekubali.

Nikamwita Okello. Nilimwita kwa sauti, vile nilivyozoea, kama mtu anayemwita mwenzake aliye chumba cha pili. Aliyekuja ni mzee Kasule. Alisimama mlangoni na kofia mkononi.

Meja alikuja siku chache baadaye. Kile kipande kilikuwa kimening'inia. Akakishika.

“Hii nini?”

“Pazia, afande.”

“Rangi mpya ya jeshi iko?”

“Hapana, afande. Imeshindikana. Muhogo haufai.”

Alipoondoka nilimimina gundi yote kwenye mtaro wa nyuma ya kiwanda, na karatasi zangu za miaka yote nikazichoma jikoni, za wanga, za asidi, zote. Nilifikiri ningelia, sikulia. Rangi ile ingeshika vizuri mno. Ingekaa migongoni mwa watu waliomwambia Okello atanawa huko, isichuje kwa mvua wala kwa jasho wala kwa kitu kingine kitakachowarukia. Siwezi kuwapa. Bora wavae kijani kinachodondoka, watu wakione.

Utauliza, kwa nini sikupanda gari pamoja na Atim. Nilitaka. Lakini baada ya mambo haya Meja aliwaita mzee Kasule na wafanyakazi wawili wa maabara, akawasimamisha mbele yangu, akasema, “Daktari akipotea, nyinyi watatu napotea.” Alisema kwa upole, kama kawaida yake. Kasule ana wajukuu nyumba nzima. Basi nipo. Atim namtoa kwa msaada wa mama mmoja Mkongo mfanyabiashara, atakayesema Atim ni mdogo wake wa kutoka Bukavu, huko Kongo. Na kwa kuwa Atim anajua Kiswahili, na askari wa mpakani wengi hawajui Mkongo anasemaje, natumaini watapita mpaka wa Busia. Kama barua hii iko mkononi mwako, ina maana mpango huo ulifaulu.

Nakuomba haya. Msimwite Okello marehemu mbele ya Atim. Hakuna aliyeuona mwili, na yeye amekataa kuvaa nguo za msiba. Msimlazimishe mambo yetu ya dini. Jumapili mwonyesheni kanisa, na Bakari amsindikize mara ya kwanza ili asipotee. Atim ni mkunga aliyesomea, tena mzuri. Shangazi Zainabu anawajua watu wa zahanati, aseme nao. Na usiku akiamka akaketi uani, mwacheni aketi.

Kuhusu mimi, sasa nina kazi mpya. Sabuni imekosekana Kampala nzima, basi Meja ameamua maabara ipike sabuni za wake wa maofisa. Juzi alimleta mkewe akajaribu mche mmoja, akafurahi sana kwa povu lake. Meja akanipiga begani. “Sasa wewe daktari kweli,” akasema. Nilicheka nao. Mtu hujifunza kucheka huku.

Mbusu Mama mikono. Mwambie nasali, nakula, na kwamba kuchelewa kwangu ni kwa sababu ya kazi. Nisalimie shemeji Bakari, ambaye ni ndugu kwangu kuliko shemeji, na shangazi Zainabu aliyenifundisha kusoma, na mjomba Feswali ambaye kila siku alisema Kampala ni mbali. Mwambie alisema kweli. Wanao wote nawapa mkono, hasa yule mkubwa anayetaka kusoma sayansi. Asome. Sina moyo wa kumkataza, na wala sina moyo wa kumhimiza.

Ukiimaliza barua hii, ichome. Na siku moja Lamaro akiwa mkubwa, akiuliza baba yake alifanya kazi gani, mwambieni alikuwa mwanakemia, na kwamba rangi aliyokuwa akiitafuta ilipatikana. Hakuna mwingine atakayemwambia.

Ni mimi ndugu yako,
Athmani